Chokaa ya Akinlabi

Aprili 4

Daftari hili ni la mvua. Daktari Yejide wa chuo kikuu amenikabidhi pamoja na kipimo cha bati na kalamu mbili. Alipiga magoti kunisalimu, na suruali yake hiyo ya jinzi, kisha akainuka na kuanza kuniamuru. "Baba, kila asubuhi soma kipimo, andika milimita. Kila Jumamosi pima miche, andika sentimita. Usiandike kitu kingine."

Milimita nimeandika mbele. Huku nyuma ni kwangu. Mtu aliyeangusha mivule kwa miaka thelathini na moja, halafu uzeeni akaajiriwa kuipanda, ana mengine ya kuandika.

Leo mm 11.

Aprili 6

Tumeshinda tunazoa mavi ya popo. Mbegu ya mvule haichumwi mtini. Popo hula tunda na kuinya mbegu, nasi tunaiokota chini na kuiosha kwenye chujio. Hizi ni za kitalu cha mwakani, miche ya mwaka huu itakuja na lori kutoka Ibadan. Yejide, msomi wa shahada tatu, alikuwa amechuchumaa na kijiko mkononi.

"Binti," nikamuuliza, "mama yako anajua kwamba hiki ndicho ulichosomea?"

"Anajua, Baba. Ndiyo maana kanisani anasema mimi ni mwanasheria."

Nilicheka mpaka mgongo ukauma. Nikamuuliza chuo kinatafuta nini kwenye mvule, ilhali miti imejaa duniani.

"Miti yote inakula hewa ya ukaa," akasema. "Lakini mti wa kawaida ukioza, hewa inarudi ilikotoka. Mvule una ujanja wake. Sehemu ya ile hewa unaigeuza chumvi, unaiweka kwenye majani na mbao. Majani yakidondoka, uyoga na vijidudu wanaila ile chumvi, wakimaliza wanaacha chokaa. Chokaa inakaa ardhini miaka na miaka. Halafu udongo mchachu kama huu wenu unapona, kakao inazaa tena."

"Kwa hiyo mvule unatengeneza mawe."

"Unatengeneza mawe, Baba. Ardhini, na mara nyingine hata ndani ya shina lenyewe."

Nikaendelea kuosha mbegu. Mawe yaliyo ndani ya shina nayajua kuliko yeye.

Aprili 15

Mm 0. Joto.

Aprili 19

Leo ndipo nimeambiwa ni shamba la nani. Ningejua mapema ningesema naumwa. Chuo kimechagua shamba la Mama Ibidun kwa sababu udongo wake ni mchachu kuliko wote waliopima, na kwa sababu kuna kisiki cha mvule wa kale wanachotaka kukichunguza.

Kisiki hicho nilikifanya mimi na Akinlabi, mume wake, miaka ishirini na saba iliyopita. Tulikuwa wawili kwenye msumeno mmoja wa mashine, tukipokezana. Kijiji chote kinajua kilichotokea: mti ulimuua Akinlabi. Na kwetu aliyeuawa na mti haletwi nyumbani. Huzikwa porini siku ileile, na wanaume tu, wala mke haonyeshwi mahali. Tulikuwa wanne tuliomzika. Watatu wameshakufa.

Mama Ibidun alitukuta tunapima mipaka. Ana miaka sitini na ushei, mwembamba, mdomo wake haujapungua hata inchi moja.

"Baba Morenike! Leo umekuja kwangu bila kupita kichochoro cha pili?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, Mama Ibidun."

"Miaka ishirini na saba ya kazi nyingi. Utajengewa sanamu." Akamgeukia Yejide. "Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Walikula sahani moja. Tangu mwenzake afe, akiniona njiani anakumbuka kitu alichosahau nyumbani."

Yejide akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kucheka ndiko kulikobaki.

Mei 3

Tumepanda miche mia tatu. Nimelima shamba likawa jeupe kama uwanja wa shule, hata jani moja la gugu halikubaki. Mimi ni mkulima wa kakao, sipandi vichakani.

Mzee Adegoroye, kaka wa Akinlabi na mkuu wa ukoo wao, alikuja kutazama akiwa na fimbo yake. Hakuingia shambani, alisimama barabarani.

"Ogunkoya," akaniita kwa jina la ukoo, jambo analolifanya akitaka kunikumbusha kwamba sisi ni watoto wa wahunzi. "Wazee walisema mvule huonywa ungali mche, ukishakua hudai kafara. Wewe unaupanda mia tatu. Umepanga kuchinja mbuzi wangapi?"

"Ni mradi wa chuo, Kaka."

"Chuo kitarudi Ibadan. Aliye ndani ya mvule hahami."

Mm 24.

Mei 10

Ibidun amerudi kutoka Akure kukaa kwa mama yake. Ni mjamzito, miezi mitatu. Wawili wa kwanza walitoka kabla ya kuzaliwa, na hii ndiyo mimba ya tatu. Niliwaona uani, binti amelala kwenye mkeka na mama anamsugua miguu.

Nilipopita Mama Ibidun alitoka mpaka kwenye uzio. Safari hii hakunitania. "Unajua wanasema nini," akasema. "Babu ndiye anayemfungulia mjukuu njia, au anarudi mwenyewe kama mjukuu. Sasa babu aliyelala porini kama paka, njia ya nyumbani ataijulia wapi? Mimi nataka mume wangu aje alale chini ya sakafu ya chumba chake kama wanaume wenzake, kabla huyu mtoto hajazaliwa."

"Ukoo unasemaje?"

"Ukoo unasema nilete mifupa kwanza, halafu watafikiri. Wanajua siijui ilipo." Akanitazama. "Wewe unajua."

Nikasema ni zamani, na pori limebadilika. Kisha nikakumbuka kitu nilichosahau nyumbani.

Mei 24

Yejide amechimba shimo la uchunguzi kando ya kisiki, kina chake kinanifika kifuani. Udongo mwekundu kila mahali, lakini pale penye mizizi iliyooza kuna mistari myeupe na mabonge madogo meupe. Akakata ndimu aliyokuja nayo kwa ajili ya chakula chake, akakamua juu ya udongo. Udongo ukachemka. Ulitoa povu na mlio mdogo. Nilirudi nyuma hatua mbili, nami si mwoga wa vitu vidogo.

"Hiyo ndiyo chokaa, Baba. Asidi ikiigusa inatoa povu, ile hewa ya ukaa inafunguliwa. Mti haupo miaka ishirini na saba, kazi yake bado ipo."

Mama Ibidun alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, anamenya chungwa. Akauliza, "Na mtu akizikwa kwenye udongo huu, binti yangu? Anabaki?"

Yejide hajui historia yetu. Akajibu kama mwalimu. "Kwenye udongo mchachu mifupa inayeyuka, Mama. Baada ya miaka ishirini hupati kitu. Lakini hapa chini ya mvule, kwa sababu ya chokaa, mfupa unaweza kukaa muda mrefu sana."

Chungwa likabaki mkononi mwa Mama Ibidun, halimenywi wala haliliwi. Nilimwona akipiga hesabu.

Sisi hatukumzika chini ya mvule. Tuliogopa ule mti. Tulimpeleka hatua thelathini mbali, kwenye udongo mchachu.

Juni 7

Miche imetoka majipu. Si mmoja wala miwili. Vichipukizi vimevimba vikawa vifundo vya kijani, vingine vimepasuka na kutoa maji. Nimetembea mistari yote, kila mche una jipu lake. Nimezoea kuona mti ukianguka, sijawahi kuona mti ukiugua namna ya binadamu.

Juni 8

Habari imefika sokoni kabla yangu. Wanasema ni ndui. Wanasema mwenye ndui yake, yule mfalme wa joto, ambaye jina lake halitajwi mchana wa jua, ametumwa na Akinlabi. Mwuza garri alinipimia unga wangu wa muhogo bila kunigusa mkono.

Juni 12

Yejide amekuja. Anasema ni mdudu, mdogo kuliko kiroboto, anataga kwenye chipukizi la mvule na jani linamfunika. Anapenda miche iliyo juani peke yake. "Nani alikwambia ulime shamba mpaka liwe uchi, Baba?"

"Ndivyo tunavyolima."

"Kakao ndivyo. Mvule ni mtoto wa kivulini."

Tumekata majipu yote tukayachoma. Miche iliyopona tumeihamishia chini ya kakao kuukuu za Mama Ibidun, kwenye kivuli na magugu kiasi. Sitini imekufa. Mama Ibidun alitusaidia kuchoma. Moshi ulipompata akafumba macho, akasema bila kunitazama, "Mdudu sawa. Lakini mdudu naye hutumwa. Amechoka kukaa porini, Baba Morenike. Anatugongea mlango."

Nilitaka kumwambia ni upuuzi. Sikuweza, kwa sababu nami nilikuwa nimeshafikiri hivyohivyo.

Juni 20

Mm 41. Miche 236.

Juni 28

Leo Jumapili, watu wote kanisani. Nilichukua jembe nikaenda hatua thelathini kutoka kwenye kisiki, upande wa mashariki, kwenye mti wa kola ambao tuliutumia kama alama. Nilichimba tangu kengele ya kwanza mpaka watu walipoanza kurudi.

Niliwaza hivi: nikimpata, nitamwambia mkewe, "Huyu hapa," na huenda hataniuliza kingine. Nitakuwa nimelipa nusu.

Hakuna kitu. Nilifika mahali tulipomlaza, napajua kwa lile jiwe kubwa tulilolikwepa wakati ule. Udongo mwekundu, laini, mchachu. Hakuna mfupa, jino wala kifungo. Niliuchekecha kwa vidole kama mtu anayetafuta mchele kwenye mchanga. Udongo umemla wote. Kama tungemzika pale mti uliposimama, angekuwepo. Tulimkimbiza kutoka kwenye kitu pekee ambacho kingemhifadhi.

Nimefukia shimo. Nimelia, nalisema wazi. Mwanaume wa miaka sitini na saba, na jembe lake.

Julai 3

Mm 58.

Julai 4

Mm 63. Siandiki zaidi.

Julai 18

Mvua. Mvua. Nimeingia shambani kupima miche, nikasikia msumeno. Nikasimama. Ulikuwa mbali, upande wa kisiki, ukiunguruma sawasawa, halafu sauti ikapanda kama inavyopanda mnyororo ukigusa kitu kigumu. Nikaenda mbio. Hakuna mtu. Maji yalikuwa yanaporomoka kwenye shimo la Yejide.

Miche imefika sentimita 40. Hakuna majipu mapya.

Agosti 9

Mapumziko ya mvua. Kipimo kikavu siku ya sita. Mama Ibidun anachimba kwenye kisiki. Kila siku, baada ya uji wa asubuhi, na jembe dogo la wanawake. Ameanzia shimo la Yejide anapanua. Nimemwambia aache, kuta zitamwangukia.

"Wewe panda, mimi nichimbe," akasema. "Au unaogopa nitapata kitu?"

Agosti 16

Bado anachimba. Tumbo la Ibidun limekuwa kubwa. Anakaa kivulini na kibuyu cha maji, anamtazama mama yake.

Mimi nafanya kazi mgongo wangu ukiwa upande wao. Namfahamu vizuri zaidi sasa mwanamke huyu. Zamani nilidhani mdomo wake ni ukali. Kumbe ni mtu anayebisha hodi kwa maneno, kila siku, kwenye mlango ambao mimi nimeufunga kwa ndani.

Septemba 6

Mvua zimerudi. Mm 19.

Septemba 13

Nitaandika yote.

Nilikuwa kwenye kibanda cha kitalu nakula, uji mzito na samaki wa kukaanga, ndimu pembeni. Mama Ibidun akaingia amebeba beseni kichwani, limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kanisani. Alilishusha mwenyewe, akakataa nimsaidie. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Nimempata," akasema.

Akafunua. Vilikuwa vipande vyeupe, virefu na vifupi, vingine vimepinda, vingine vina matundu katikati kama mfupa uliotolewa uboho. Chokaa ilikuwa imeganda kuzunguka mizizi, mizizi ikaoza, ikabaki ganda. Mtu asiyejua angeapa ni mkono, ni ubavu.

"Adegoroye ameviona," akasema. "Amekubali. Amesema mzika pembe ndiye mzua pembe. Aliyebaki katika waliomzika aje aape mbele ya ukoo kwamba ni yeye, maana hawataki kuingiza kitu cha mvule ndani ya nyumba. Aliyebaki ni wewe. Mtazame rafiki yako, Baba Morenike. Sema ni yeye."

Ningeweza kusema ndiyo. Nataka iandikwe kwamba nililiona hilo, lilikuwa mbele yangu kama sahani yangu. Angefurahi. Ibidun angelala. Nami ningeendelea kupita kichochoro cha pili.

Badala yake nilichukua ile ndimu nikakamua juu ya kipande kimoja. Povu likatoka, jeupe, likitoa mlio.

Mama Ibidun akaanguka magoti. "Anapumua," akasema. "Ee Mungu. Anapumua."

"Hapana."

"Nimemwona! Akinlabi! Mume wangu!"

"Ni jiwe, Mama Ibidun. Ni chokaa ya mvule. Yejide alituonyesha shimoni, hukumbuki? Mfupa haufanyi hivi. Akinlabi hatukumzika hapo. Tulimpeleka kwenye mti wa kola. Mwezi wa sita nimepachimba. Nimechimba mpaka chini. Hayupo. Udongo umemmaliza."

Alibaki magotini. Alikuwa anaangalia lile povu linavyokufa.

"Umepachimba," akasema polepole. "Peke yako. Bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Basi likatoka. Sikulipanga. Nilimwambia kwamba siku ile zamu ilikuwa yangu. Kwamba msumeno ulikuwa mkononi mwangu nilipohisi jiwe ndani ya shina. Sauti ilipanda, cheche ikaruka, nikanusa kama kiberiti. Kila mkata mvule anajua maana yake. Unasimama. Unazima mashine, unatoa mafuta ya mawese na kola, unauomba mti radhi, unaukata upya kwa upande mwingine. Kama ningemwambia Akinlabi, angezima. Alikuwa mtu wa hivyo. Lakini mwenye mbao alikuwa amesimama pale na lori lake, akituita wanawake kwa uzembe wetu, nami niliona haya kusimama na niliogopa kuendelea. Nikamwambia Akinlabi, "Pokea, mkono wangu umekufa ganzi." Akapokea. Alinicheka kidogo. Akaingiza msumeno palepale nilipotoka. Mnyororo ukakatika, ukamrudia shingoni.

"Si mti uliomuua," nikasema. "Tulisema ni mti kwa sababu nilisema mimi."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Samaki wangu akapoa, nzi wakamgundua.

"Ulilisikia jiwe," akasema.

"Nililisikia."

"Ukampa msumeno."

"Nikampa."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

Nilingoja makofi. Nilingoja apige kelele watu waje. Akachukua kitambaa chake, akafuta juisi ya ndimu kwenye lile jiwe kwa utaratibu, kama anavyofutwa mtoto mdomo, akalirudisha kwenye beseni, akafunika.

"Jumamosi," akasema. "Saa nne. Uje umevaa vizuri."

"Mama Ibidun, haya ni mawe."

"Nimesikia. Sikio langu zima. Huna mwili wa kunipa. Umefukua, umekuta patupu. Mwanangu atajifungua mwezi wa kumi na moja, na hatajifungua akijua kwamba baba yake ameliwa na udongo hata jino halikubaki. Kwa hiyo utanipa neno lako."

"Watanitaka niape kwa chuma."

"Ndiyo."

"Mimi ni Ogunkoya, mtoto wa wahunzi. Unajua chuma kinavyomfanya mwongo wa ukoo wangu."

Akainuka, akaliweka beseni kichwani, akalishika kwa mkono mmoja. "Chuma ulimpa yeye akishike mahali pako," akasema. "Sasa kishike mwenyewe."

Septemba 15

Mm 30. Sikulala.

Septemba 17

Nimefikiria kwenda Ibadan kwa binti yangu. Morenike alipiga simu akauliza mbona napumua hivyo. Nikasema ni mvua. Siendi. Nimekimbia mara moja nikiwa nimesimama palepale, inatosha.

Septemba 19, Jumamosi

Walikuwa ishirini na zaidi, ukoo wote. Beseni lilikuwa katikati ya ua, kitambaa kimepigwa pasi. Sakafu ya chumba cha Akinlabi ilikuwa imevunjwa tayari na shimo limechimbwa. Ibidun alikaa kitini, mikono juu ya tumbo. Yejide hakuwepo. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mzee Adegoroye akaweka panga chini, akalimwagia maji. "Ogunkoya. Wewe ni mtu wa kanisa, tunaweza kukupa Biblia."

Nilimtazama Mama Ibidun. Akatikisa kichwa kidogo sana.

"Nipe chuma," nikasema.

"Huyu aliyemo kwenye beseni ni nani?"

"Ni Akinlabi."

"Ulimzika kwa mikono yako?"

"Nilimzika kwa mikono yangu." Hilo ni kweli, na nilijishika nalo kama mtu anayevuka mto na kijiti.

"Kama unasema uongo?"

"Chuma kinile."

Nikaliinua panga nikaligusa kwa ulimi. Lilikuwa na ladha ya damu, kama chuma chote. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaanza kumlilia Akinlabi upya, miaka ishirini na saba baadaye, kama amekufa jana. Walimlaza chini ya chumba chake. Mama Ibidun alilia kuliko wote, na hakuna chozi hata moja lililokuwa la uongo. Alijua analia juu ya nini. Tulijua wawili tu.

Nilipotoka Adegoroye alinishika bega. "Umetuondolea mzigo," akasema. Njia ya mwongo ni fupi, nikawaza, na mimi nimebakiza hatua chache.

Oktoba 3

Mm 22. Miche 231, sentimita 71. Yejide amefurahi, anasema haya ni maendeleo mazuri. Aliuliza Mama Ibidun alipeleka wapi vile vipande vikubwa vya chokaa, alivitaka kwa maabara. Nikasema sijui.

Oktoba 17

Mama Ibidun hunisalimu kila siku sasa, kwa adabu zote, mbele ya watu. Hanitanii tena. Sikujua kama mtu anaweza kuukosa utani namna hii.

Novemba 2

Ibidun amejifungua. Mtoto wa kiume, wote wazima. Kijiji kizima kinasema ni yule babu, amefunguliwa njia.

Novemba 10

Jana ilikuwa siku ya nane. Wamempa jina Babatunde, baba amerudi, wangempa lipi lingine? Walimlambisha asali na chumvi, na Adegoroye akasema kwa sauti kwamba shukrani za ukoo ni kwangu. Wakanikalisha mbele. Mama Ibidun akamchukua mtoto kutoka kwa binti yake, akaja nami naona anakuja, akamweka mikononi mwangu. Akainama kama anayenirekebishia kanga ya mtoto.

"Msalimu mwenzio," akaninong'oneza. "Mwambie ulichoshindwa kumwambia."

Watu walikuwa wanacheka na kupiga picha kwa simu. Mtoto akafumbua macho. Nilimwambia. Nilimwambia sikioni, polepole, neno kwa neno, kwamba ndani kuna jiwe. Mama Ibidun alisimama pale mpaka nilipomaliza, kisha akampokea.

Leo mvua ya mwisho, mm 6. Miche 229. Magugu yameizidi upande wa bondeni, yamefika magotini, na panga langu liko nyumbani juu ya dari, nililifunga kwa gunia tangu siku ya kiapo. Jembe pia, nalo ni chuma. Nimepalilia mistari minne kwa mikono.